Jicho la Jaji

Wateja wa makochi wana ugonjwa mmoja, nao hauna dawa: kuchagua kitambaa. Mtu analeta kochi lake limechoka, springi zinachungulia nje, sponji imelika, na hapo hana neno. Mwambie sasa achague kitambaa. Hiki kitashika uchafu. Hiki kizuri, ila mume wangu atasema tumehamia baa. Hiki kingefaa kama kingekuwa na rangi ya kile. Fundi makochi aliwavumilia mpaka wakamchosha, kisha akapanga vipande vinne juu ya meza na kusema, "Basi tumuulize Jaji."

Jaji alikuwa binti yake wa pekee. Alikuwa na miaka minane, na kiti chake kilikuwa pale pale karakanani, chumba cha mbele cha nyumba yao. Baba mtu alikitengeneza mwenyewe kutokana na mabaki ya makochi ya watu: chini magurudumu, pembeni sponji nene, kifuani mkanda mpana, nyuma ya kichwa mto aliouchonga mara kadhaa mpaka ukakubali kuizuia shingo isiangukie kulia. Mtoto alizaliwa kwa shida, akachelewa kulia, na baadaye hospitali wakaambiwa ana mtindio wa ubongo. Mikono yake ilikwenda ilikotaka yenyewe. Sauti ilikuwepo, tena ya kuwafikia majirani, lakini maneno hayakutoka. Macho ndiyo pekee yaliyomtii. Akitazama juu, ndiyo. Akifumba, hapana.

Na vitambaa vikishapangwa, kazi ikaanza. Jaji alivipitia kimoja kimoja, akarudi, akapita tena bila haraka, mteja amesimama mikono kiunoni. Mwisho jicho lilitua kwenye kimoja na halikuondoka. Hapo kesi imekwisha. Watu walicheka, wakakubali, wakaenda zao wamefurahi, na mtaani ilisemwa kwamba hakuna aliyewahi kukijutia kitambaa cha Jaji. Fundi aliyasikia hayo na kujifanya anatafuta mkasi ili watu wasimwone anavyotabasamu.

Ndiyo maana siku ya kumpeleka mtoto shuleni kupimwa, fundi alikwenda kifua mbele.

Shule yenyewe ilikuwa na milango miwili kwa watoto wa aina ya Jaji. Mlango wa kwanza ni wa darasani. Humo mtoto asiye na sauti alifundishwa kusoma, akapewa ubao wa picha na herufi, na kwa kuutazama ubao huo akajenga maneno mpaka akaweza kusema lake. Mlango wa pili ni wa chumba cha malezi. Humo watoto walilazwa kwenye mikeka, wakafutwa, wakalishwa, redio ikawaimbia mpaka wazazi wakaja kuwachukua. Anayekwenda mlango gani aliamuliwa na mwalimu mpimaji, na fundi alikuwa ameshachungulia vyumba vyote viwili. Kile cha pili alikichungulia mara moja tu, ikamtosha.

Mwalimu mpimaji alikuwa mama mwenye sauti ya chini na miwani aliyoipandisha kwenye nywele, akaisahau huko. Alimsalimia Jaji kabla ya kumsalimia baba, jambo lililompendeza fundi. Akakisogeza kiti mezani. Akapanga picha nne.

"Nionyeshe kikombe," akasema.

Jaji alizitazama picha zote kwa utulivu. Akakipita kikombe, akarudi, akakipita tena, akatua kwenye mwavuli. Mwavuli ulikuwa na rangi nyekundu na njano.

Mwalimu alipanga nne nyingine na kuomba aonyeshwe kiatu. Jaji akachagua jogoo. Akaombwa amwonyeshe mtoto aliyelala; akachagua basi. Kwenye kona alikoambiwa akae, fundi alishindwa kuvumilia. Alimwambia mtoto, "Mama, kikombe, mama," akaombwa kwa upole anyamaze. Na kilichomuumiza zaidi ni kwamba mtoto mwenyewe alikuwa na raha zake. Alicheka. Kila akimaliza kutazama alimgeukia baba yake kwa uso wa mtu aliyefanya kazi nzuri.

Baadaye mwalimu alieleza alichokiona. Mtoto anavutwa na rangi, hilo ni zuri. Lakini halinganishi neno analoambiwa na picha. Uelewa wake wa maneno ni wa mtoto ambaye bado hajafikisha miaka miwili, kwa hiyo kwa sasa chumba cha malezi kitamfaa zaidi.

Fundi alimwambia kwamba haiwezekani. Alimwambia kwamba mtoto huyu anaifahamu karakana nzima, kwamba anakataa, anakubali, anacheka utani kabla ya watu wazima, kwamba juzi juzi tu alimkataza mteja kitambaa cha maua na mteja akashukuru.

"Sikatai, baba," mwalimu akasema. "Wazazi wengi wananiambia hivyo, na siwaiti waongo. Ila mimi nasema nilichokiona mezani. Labda hajaelewa swali. Na kama haelewi swali kama lile, darasani atateseka."

Aliyasema bila dharau hata chembe, na fundi alitamani angemdharau, apate pa kumshika.

Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa anagomba. Aligombana na mashimo ya barabara, na gurudumu la kushoto la kiti lililokuwa linalia, na mwenye pikipiki aliyeegesha pa kupita. Kisha akamgeukia mtoto. Kikombe hukijui? Kikombe unachonyweshewa kila asubuhi, leo hukijui? Au ulikuwa unanifanyia makusudi? Watu waligeuka kumtazama mwanamume anayemfokea mtoto mlemavu, naye akazidi kupandisha sauti. Jaji hakucheka tena. Alitazama mbele, na mkono wake wa kulia ulikakamaa juu ya mkanda mpaka walipofika.

Mke wake alirudi jioni kutoka hotelini alikofua mashuka, akamkuta mumewe anapigilia misumari kwenye kochi lililokwisha kupigiliwa misumari yake yote zamani. Hakuuliza kuna nini. Alivua viatu, akakaa, akangoja nyundo ichoke. Fundi akasimulia yote, akirudi nyuma na kuruka mbele, na kila alipofika kwenye jogoo alisonya.

"Picha zenyewe zilipangwaje?" mke akauliza.

Swali hilo lilimkera. Picha zimepangwaje, zimepangwa kama picha. Lakini mke alitaka aone. Basi fundi akavuta vipande vya vitambaa, akavitupa mezani vinne kwa mstari. "Hivi. Umeridhika? Nne, hivi. Halafu anaambiwa nionyeshe kikombe."

Upande wa pili wa meza, Jaji aliinua kichwa. Aliona vitambaa vimepangwa. Akavipitia kimoja kimoja, akarudi, akatua kwenye cha kahawia chenye mistari.

Mke alimtazama mtoto, kisha akamtazama mumewe.

"Baba Jaji," akasema, "umepanga vitambaa, na mwenzio ameshakuchagulia."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hiyo ndiyo kazi uliyomfundisha. Akipangiwa vitu, achague kinachompendeza. Mwalimu kampangia picha, na yeye kamchagulia. Kampa mwavuli. Ulitaka amfanyie nini tena?"

Fundi aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na uso wa mtoto, akamuuliza kama ule mwavuli aliutazama kwa sababu ndio uliokuwa mzuri kuliko zote. Jaji akatazama juu, upesi, kama mtu aliyeona hatimaye kaulizwa swali la maana.

Fundi alitaka kucheka, ikashindikana. Alikaa kwenye kochi lililokuwa mbele yake, ambalo lilikuwa bado springi tupu, na hata hakuhisi. Miaka yote hiyo hakuwahi kumwambia mtoto amwonyeshe kitu. Angemwambia kwa nini? Nyundo anaiona, mkasi anauona. Nani anauliza nyundo iko wapi akiwa ameishika mkononi? Walimuuliza kama ana njaa, kama ana kiu, kama amechoka, kama anataka cha bluu au cha kijivu. Alijiona mjinga, na ujinga wenyewe ukamtia hasira, na hasira ikakosa pa kwenda maana mwalimu alikuwa amesema kweli: mtoto hakulielewa swali.

Tangu usiku ule wakaanza mazoezi, nayo yakaanza vibaya.

"Mkasi uko wapi?"

Jaji alimtazama baba yake. Akautazama mkasi, uliokuwa katikati ya meza. Akamtazama tena baba yake kwa huruma.

"Nyundo iko wapi?"

Alifumba macho.

Ilibidi amweleze, na hakuna kazi ngumu aliyowahi kuifanya kama kumweleza mtu mwenye akili zake kwamba watu wa shule huuliza vitu wanavyovijua. Alimwambia kwamba mwalimu kikombe anakiona, hana shida nacho, anachotaka kujua ni kama wewe unakijua. Kwa hiyo usitazame kizuri. Tazama kilichotajwa, hata kama ni kibaya, hata kama hukitaki. Jaji alilifikiria jambo hilo muda mrefu. Lilikuwa jambo la ajabu, na uso wake ulilionyesha. Kisha akatazama juu.

Baada ya hapo hakukosea. Walimaliza vitu vya karakanani, wakahamia jikoni, wakamaliza vya jikoni. Fundi akaingiwa na tamaa, akaanza kuuliza ambayo hakuwahi kuwaza kuyauliza. Kipi kizito kati ya hivi? Kipi tulianza kukitengeneza kabla ya mwenzake? Lile kochi la yule mama mwenye meno ya dhahabu lilikuwa wapi? Jaji aligeuza shingo, ikamgomea, ikaenda kulia kwanza kama kawaida yake, akaivuta pole pole mpaka macho yakafika kwenye kona tupu karibu na mlango. Lilikuwa pale kweli. Lilichukuliwa kabla ya mvua kuanza, na fundi mwenyewe alishalisahau. Mtoto alikuwa amekaa na mambo yote hayo kichwani, hajaulizwa. Fundi alisimama, akaenda nje, akakaa huko kidogo.

Kumshawishi mwalimu hakukuwa rahisi. Alisema mtoto aliyefanyishwa mazoezi hapimiki vizuri, na akikubali kwa mmoja itabidi akubali kwa wote. Fundi akamweleza habari ya vitambaa. Mwalimu alicheka kidogo, akaacha, akaishusha miwani kutoka kwenye nywele na kuifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Akasema katika kazi yake yote hakuwahi kuliwaza hilo. Atampima tena, kwa picha nyingine ambazo baba hajaziona, na kwa sharti moja: baba akae nje.

Basi akakaa nje, kwenye benchi chini ya dirisha. Dirisha lilikuwa juu, haoni kitu, anasikia tu. Mwalimu anasema, nionyeshe anayekimbizwa. Kimya. Kisha swali jingine. Sasa ndiyo nini? Mtoto amejibu, au muda umekwisha na mwalimu amechoka kungoja? Fundi aliijua ile shingo. Jaji akitaka kutazama kushoto, kichwa kitakwenda kulia kwanza, na asiyejua atadhani amejibu kulia. Je, mwalimu anajua? Alimwambia, lakini alimwambia akiwa na haraka. Angemwambia tena. Alisimama, akakaa, akasimama. Nionyeshe kisichofanana na vingine. Kimya. Fundi aliuma kidole gumba mpaka akaonja gundi. Kulikuwa na jibu moja dogo mle ndani la kuokoa maisha ya mtoto wake, na yeye, aliyekuwa mkalimani wake tangu alipozaliwa, alikuwa amefungiwa nje na dirisha limewekwa juu.

Alipoitwa, alimtazama mtoto kwanza. Jaji alikuwa amelowa jasho, nywele zimemganda kwenye paji la uso. Alikuwa amechoka, ila hakuonekana kushindwa.

"Nilitaka kuishia kwenye picha za watoto wa umri wake," mwalimu akasema. "Nikaendelea mbele, mpaka picha nilizonazo zikaisha. Nilikosea, baba. Nafasi yake ni darasani."

Fundi aliushika mkono wa mwalimu kwa mikono yake yote miwili na kuutikisa, akashindwa kuuachia. Alisema asante mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Tayari alikuwa anawaza njia, nani atamleta asubuhi, nani atamchukua, gurudumu la kushoto litiwe mafuta.

"Kuna jambo moja," mwalimu akasema. "Mwishoni nilimuuliza kama anataka kuja kusoma hapa. Alifumba macho. Nikangoja, nikaligeuza swali, nikamuuliza kama anataka kubaki nyumbani. Akatazama juu."

Fundi alicheka, cheko la mtu anayengoja wenzake nao wacheke.

"Labda hajaelewa swali," akasema.

Mwalimu akaipandisha miwani yake kwenye nywele.

"Hayo yalikuwa maneno yangu mimi, baba," akasema.

Nafasi wangemshikia mpaka Jumatatu. Wakazungumze nyumbani, kwa sababu mtoto anayeletwa kwa nguvu anaweza kufumba macho mwaka mzima, na hakuna mwalimu atakayemfungua.

Wakazungumze. Neno jepesi hilo kulisema. Usiku ule mke na mume walikiweka kiti cha Jaji katikati ya chumba na kuanza kubahatisha. Ni mbali? Macho yakafumba. Ni watoto wenzako? Yakafumba. Unamwogopa mwalimu? Yakafumba. Kiti kinakuumiza? Unaogopa kulishwa na mtu mwingine? Kubadilishwa nguo? Ni kelele? Ni harufu? Ni kwa sababu nilikufokea barabarani siku ile? Hapo Jaji alingoja kidogo, kisha macho yakafumba. Waliuliza mpaka maswali yakawa ya kijinga. Mke alipoishiwa, fundi aliendelea, akarudia aliyokwishauliza, akayageuza mbele nyuma. Mtoto alikuwa na sababu. Ilikuwa humo ndani, kamili, na ilimkera kwamba hawaifikii; mguu wake ulikuwa unapiga ubao wa kiti.

"Labda ni jambo ambalo sisi hatuwezi kulikisia," mke akasema. "Tunalotafuta sisi ni la kwetu. La kwake ni la kwake."

Fundi alikaa sakafuni. Alitaka kumwambia mtoto kwamba hana haki ya kukataa, kwamba amembembeleza mtu, ameuma vidole, ameshusha heshima yake kwenye benchi. Akakumbuka kwamba alipigania mtoto huyu aaminiwe akisema ndiyo na akisema hapana. Sasa amesema hapana, na yeye ndiye wa kwanza kukataa kuiamini. Hasira ilimjaa, na haikuwa na mtu wa kumwangukia.

Ndipo Jaji alipofungua mdomo. Shingo ilinyooka, mishipa ikamsimama, na sauti ikatoka, ndefu, yenye kupanda na kushuka, sauti ya mtu anayeeleza. Katika nyumba ile sauti kama hiyo ilikuwa na jibu lake. Walimwitikia, "Haya, mama," au, "Kweli kabisa," akatulia, nao wakatulia. Lile "haya" lilimfika fundi mdomoni. Akalimeza.

"Sijaelewa," akasema.

Jaji akavuta pumzi, akarudia.

"Sijaelewa, mama."

Akarudia tena, kwa nguvu zaidi, mpaka machozi yakamtoka. Mke akataka kuinuka, fundi akamshika mkono.

"Sijaelewa hata kidogo," akasema. "Na sijawahi kuelewa. Siku zote nilikuwa naitikia tu. Ulikuwa unajua?"

Jaji akatazama juu.

Alikuwa anajua. Miaka yote hiyo ya haya mama na kweli kabisa, alikuwa anajua, na alikuwa akinyamaza kwa sababu hakukuwa na la kufanya. Mke alifunika uso kwa khanga. Fundi hakuwa na cha kujifunika.

"Nisikilize," akasema. "Hapa nyumbani tumefika mwisho. Mimi maswali yameniishia, na wewe sababu unayo. Kule wana ubao wa maneno. Nenda ukaujifunze. Siku utakayoweza, niambie kwa nini hukutaka kwenda, na kama ni kunitukana, nitukane. Ikiwa sababu yako ni ya haki, nitakurudisha nyumbani siku hiyo hiyo, mimi mwenyewe. Kabla ya hapo siwezi, maana nitakuwa nakubali kitu nisichokijua. Utakwenda?"

Jaji alimtazama. Hakutazama juu, wala hakufumba. Mguu uliacha kupiga ubao. Fundi alingoja, na safari hii hakumsaidia kwa neno lolote, hakuligeuza swali, hakulirudia. Macho yakafumba, yakakaa yamefumba, na mke akaanza kusema basi, tumwache mtoto.

Kisha yakafunguka. Jaji akatazama juu, mara moja tu, kwa hasira, na akaugeuza uso kuelekea ukutani.

Fundi alitamani kumuuliza tena ili awe na hakika. Akanyamaza.